Barua Mbili za Mkono Mmoja

Sehemu ya Saba

Waliokuwa nami tangu mwanzo wananijua. Aliyenikuta leo nitamwambia kwa ufupi, maana mkosi wangu hauhitaji utangulizi mrefu.

Mimi ni fundi wa maabara ya kupima udongo. Huu ni mwaka wa nne naomba ufadhili mmoja, ule wa kwenda kusomea shahada ya uzamili ng'ambo, unaotolewa kwa watu wa nchi zinazoendelea. Mwaka wa kwanza pasipoti yangu ilikuwa imekwisha muda. Mwaka wa pili walitaka transkripti ifike ndani ya bahasha iliyofungwa na chuo chenyewe, na mama mkwe akaifungua ili ajionee alama za mwanamume aliyemwoa binti yake. Yeye aliridhika na alama. Wafadhili hawakuridhika na bahasha. Mwaka wa tatu nilifika mpaka kwenye usaili, umeme ukakatika nikiwa katikati ya swali la kwanza.

Mwaka huu ndio wa mwisho. Hawamchukui aliyetimiza miaka thelathini na tano, nami naitimiza mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo nitabaki kuomba mvua.

Wiki iliyopita niliishia pale bosi alipoamuru niandike barua mbili. Maabara yetu ilikuwa na waombaji wawili, na kila taasisi hupewa nafasi moja tu. Mwombaji wa kwanza ni mimi. Wa pili ni binti mmoja anayeshughulika na vipimo vya uzito, tunayemwita Mizani. Mdhamini wetu sote ni bosi, na yeye ndiye aliyepaswa kuandika barua ya kumsifu kila mmoja.

Lakini bosi wetu haandiki barua. Jina lake la utani ni Weka Hapo, kwa sababu chochote utakachompelekea atakuambia hivyo. Mtu akitaka barua ya kusifiwa, anajisifu mwenyewe kwa maandishi, bosi anasaini. Asiyejua kujisifu kwa Kiingereza huja kwangu. Nimewaandikia wengi, hata mlinzi wa getini aliyekuwa anaomba mkopo.

Kwa hiyo niliandika yangu na nikaandika ya Mizani. Leo nawaambia nilichoandika. Msinihurumie mapema.

Kwanza mjue kitu alichofanya huyu binti.

Miaka miwili iliyopita mkulima mmoja alirudi maabara na majibu yetu mkononi. Akamwaga kifuko cha udongo juu ya kaunta.

"Mliniambia shamba langu lina uchachu, nitie chokaa. Nimetia. Mahindi yamekuwa ya njano kuliko hii karatasi yenu. Sasa mnataka nitie nini, machozi?"

Sisi tulicheka. Mizani hakucheka. Alimwuliza mzee yule udongo wake ulikaa hapa siku ngapi kabla ya kupimwa. Mzee akasema wiki sita.

Hapo ndipo alipoanza. Alichota udongo wa shamba moja, akaupima siku ileile, uliobaki akaufunga kwenye mifuko ya plastiki ukiwa na unyevu wake, kama wakulima wanavyotuletea. Kila wiki alifungua mfuko mmoja akapima. Alifanya hivyo miezi saba, na siku zenyewe zilikuwa Jumamosi, maana siku za kazi alikuwa na kazi za watu wengine.

Akagundua kwamba udongo ukifungiwa mbichi unachacha wenyewe ndani ya mfuko.

"Kaka," aliniambia siku hiyo, "miaka yote hii tumekuwa tunapima mfuko. Hatupimi shamba."

Sasa mifuko yote inafunguliwa na kuanikwa siku inapofika. Wakulima hawarudi tena kutumwagia udongo kaunta.

Mimi mchango wangu ulikuwa nini? Nilimbebea mifuko mara mbili. Nilimfungulia mlango Jumamosi tatu, kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwangu.

Kwenye barua yangu niliandika kwamba mwombaji huyu, yaani mimi, ndiye aliyegundua na kuthibitisha jambo la mifuko, kwa miezi saba, kwa muda wake mwenyewe. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Nilijiandikia vizuri mpaka nikajionea fahari.

Kwenye barua ya Mizani niliandika kwamba ni mpole, ana adabu, na hufika kazini mapema. Mistari sita.

Hakuna hata neno moja la uongo kwenye ya Mizani. Hilo ndilo nililojiambia, na nikaweza kunywa chai yangu ya saa nne bila kupaliwa.

Bosi alikuwa kwenye simu nilipoingia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bosi."

"Zote mbili?"

"Zote."

"Weka hapo."

Akasaini huku anagombana na mtu aliyetuletea chupa zenye nyufa. Hakusoma hata tarehe.

Mizani alinisubiri ukumbini, koti lake jeupe limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni kama kawaida yake.

"Umeniandikia vizuri, kaka?"

"Vizuri kabisa."

"Ahsante. Mimi Kiingereza cha kujisifu kinanishinda. Nikianza tu naona haya."

"Ndiyo maana mimi nipo, mdogo wangu."

Maneno hayo yalinitoka mdomoni bila kutetemeka. Mtu akizoea kuandika barua za watu huzoea mengi.

Wiki sita zikapita. Wafadhili hawa hawamwandikii mwombaji moja kwa moja, wanaandika kwa mkuu wa taasisi, yaani bosi, na katibu muhtasi wake anachapa na kuleta bahasha. Bahasha yangu ilikuja. Nimeitwa kwenye usaili.

"Na wewe?" nilimwuliza Mizani.

"Kimya. Hata hapana yao sijaiona."

"Pole."

"Basi, labda si riziki yangu. Wewe ndiye uliyehangaika miaka yote hii. Hebu tuseme wakikuuliza maabara yetu imefanya nini cha maana, utawajibu nini?"

"Hapohapo ndipo nilipotaka unisaidie. Ile kazi ya mifuko."

Akafurahi. Mnaniamini? Alifurahi.

"Nitakufundisha yote. Vizuri wajue na huku kuna watu wanafanya kazi."

Siku nne, kila mapumziko ya mchana, tulikaa kwenye benchi la nyuma. Alinichorea mistari nyuma ya fomu za wakulima, mstari wa wiki ya kwanza, wa wiki ya tatu, wa mwezi wa pili. Nikikosea alinicheka.

"Kaka, ulipokuwa unabeba ile mifuko ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza ni mizito."

Siku ya usaili nilikaa mbele ya kompyuta ya bosi. Walikuwa watatu upande wa pili. Mama mmoja mwenye mvi ndiye aliyekuwa anauliza zaidi, na swali lake la mwisho lilikuwa jepesi.

"Wazo hilo ulilipata wapi?"

Nikawasimulia habari za mkulima. Niliwamwagia udongo kaunta, nikawaonyesha mahindi ya njano, nikamaliza na yale maneno yake ya machozi. Yule mama alivua miwani akaipangusa. Nikajua nimewapata.

Umeme haukukatika. Mtandao haukukwama. Miaka minne, hii ndiyo mara ya kwanza kila kitu kwenda sawa, na mtu mwenye mkosi kama wangu alipaswa kujiuliza kwa nini.

Jibu lilikuja Jumatatu moja saa nne asubuhi. Katibu muhtasi alichungulia maabara.

"Mnaitwa. Wewe na Mizani. Bosi amesimama."

Bosi wetu hasimami. Tukaenda mbio.

Simu ilikuwa mezani, kwenye spika. Sauti niliitambua, ni yule mama mwenye mvi. Bosi alituonyesha kwa kidole tukae kimya, akasema, "Wamefika. Rudia tu, mama, nao wasikie."

Yule mama alizungumza taratibu. Alisema wana maombi mawili kutoka kwetu. Kwenye insha yake, binti ameeleza uchunguzi wa mifuko kama kazi yake mwenyewe. Kwenye barua ya mdhamini, uchunguzi huohuo umesemwa ni kazi ya bwana mmoja. Na bwana huyo ameuthibitisha kwenye usaili.

"Wewe ndiye uliyesaini, mkurugenzi. Tunataka kujua tu. Ni kazi ya nani?"

Insha ya Mizani sikuwahi kuiona. Kila mwombaji alijiandikia insha yake, hiyo haikupita kwangu. Ni mwizi gani anaiba ng'ombe bila kutazama kama amefungwa kengele shingoni?

Bosi alizishika barua mbili, zimebanwa pamoja kwa pini. Alizisoma, na kwa jinsi nyusi zake zilivyokuwa zinapanda nilijua ni mara ya kwanza. Sasa afanyeje? Aseme alisaini asichokisoma? Mbele ya wageni?

Akafanya anachofanya siku zote. Akampa mtu mwingine.

"Mama, mimi ni mtu wa ofisini. Naona ujibiwe na waliokuwa kwenye benchi la kupimia." Akamsogezea Mizani zile barua. "Soma, binti, halafu waambie."

Mizani alisoma ukurasa mmoja na nusu. Alisoma polepole, midomo inacheza kidogo. Akafunua. Akasoma na ile mistari sita. Hiyo haikumchukua muda.

Nilitazama kalenda ya ukutani. Niliwaza watoto wangu pacha, mke wangu na jinsi alivyokwisha kuwaambia wateja wake wote wa cherehani. Niliwaza kwamba leo namwaga unga, na kesho hata kuonekana barabarani itakuwa kazi.

"Mpo?" simu iliuliza.

"Tupo," alisema Mizani.

Akaziweka barua mezani, akazinyoosha kwa kiganja.

"Ni kazi tuliyoifanya pamoja. Huyu kaka ndiye aliyenipokea hapa, ndiye aliyenifundisha kushika mizani. Kila mmoja ameieleza kwa upande wake."

"Kwa hiyo hakuna aliyesema uongo?"

"Hakuna, mama."

Simu ikakatwa kwa heri nyingi. Bosi akakaa, akajifuta uso.

"Mmeona? Mimi nilijua tu. Haya, kazini."

Nilimfuata Mizani chumba cha kuoshea vyombo. Alikuwa amefungulia maji, anaosha chupa ambazo zilikwisha kuoshwa asubuhi.

"Mdogo wangu."

Akachukua chupa nyingine.

"Kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka nisemeje?"

"Ungesema kweli."

"Ningesema kweli wangetufuta sote wawili, na bosi juu. Wangesema hawa wa huko ndivyo walivyo, wasipewe tena. Na mwakani akija mwingine kuomba kutoka hapa, afanyeje?" Akatikisa chupa, akaigeuza juu ya rafu. "Na una watoto."

"Nitarekebisha."

"Utarekebisha nini, kaka?"

Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta chupa.

"Ile barua yako nimeielewa," alisema. "Mtu ana shida, anaiba. Sijapenda, lakini nimeielewa. Ila yangu. Miaka mitatu nakaa na wewe benchi moja. Umekaa chini, umefikiri, ukaona cha kusema juu yangu ni kwamba nafika kazini mapema."

Hakulia. Angelia ningepata nafasi ya kumbembeleza. Alifunga maji, akajifuta mikono kwenye koti, akatoka.

Baada ya siku kumi nikapata ufadhili.

Nilimpelekea mke wangu bahasha kwenye kibanda chake cha kushonea. Alisoma amesimama, mguu mmoja bado uko kwenye cherehani.

"Baba Pacha, umeula."

"Eti eh."

"Miaka minne, mume wangu. Miaka minne watu wananiuliza vipi yule msomi wako, bado hajaondoka?" Akakaa, akaanza kulia kwa furaha juu ya gauni la mteja. Halafu akanitazama. "Mbona wewe hufurahi?"

"Nimechoka."

"Umechoka kufurahi? Hata hujaanza."

Mama mkwe alifika jioni hiyohiyo. Alikataa kuigusa bahasha. Alikaa nayo mbali, mikono nyuma, akaomba asomewe. Pacha waliniuliza kama ng'ambo ni mbali kuliko shuleni. Nyumba nzima ilicheka, nikacheka nami, na sahani yangu nikawasogezea wao.

Masharti yalikuwa wazi. Nithibitishe kwa maandishi kabla ya Ijumaa ya wiki ya pili, saa kumi na moja jioni. Nikishathibitisha nisubiri viza.

Jumatatu ya wiki hiyo ya pili bosi aliniita tena. Alikuwa amekaa, nikashusha pumzi.

"Hii ya mwenzako. Mpelekee."

"Ya Mizani?"

"Kwani mwenzako nani mwingine? Imekaa hapa tangu ilipokuja yako, ilikuwa chini ya faili. Haya, mpelekee."

Bahasha ilikuwa haijagundishwa. Katibu muhtasi huwa hagundishi, anasema gundi inamwachia ladha mbaya mdomoni. Nilisimama nyuma ya rafu za mifuko nikaitoa karatasi.

Nilikuwa na hakika ni ya kumnyima. Nilitaka nijue wamemnyima kwa maneno gani, ili niandae pole yangu.

Haikuwa ya kumnyima.

Walimwambia amewekwa kuwa wa akiba kwa nafasi ya taasisi yetu. Jopo limevutiwa mno na insha yake. Bahati mbaya barua ya mdhamini haikuwapa mengi ya kuongezea. Aliyechaguliwa akikataa, au akiondolewa kwa sababu yoyote, nafasi ni ya kwake. Ila athibitishe kabla ya Ijumaa, saa kumi na moja jioni, kwamba bado yuko tayari. Asipothibitisha jina lake litatoka.

Nilisoma mara tatu. Neno lililonikaa ni lile, akiondolewa.

Hebu fikirini wenyewe. Mtu huyu amenikingia kifua akiwa anajua kwamba yeye hana chake tena. Itakuwaje akijua kwamba kati yake na safari nimesimama mimi tu? Neno moja kwa yule mama mwenye mvi linatosha. Wala hatakuwa amekosea.

Nikaikunja bahasha, nikaitia mfuko wa shati, ndani ya koti. Nikajiambia nitampa kesho.

Jumanne sikumpa.

Jumatano asubuhi Mizani mwenyewe alikuja kwenye benchi langu. Tangu siku ile ya maji alikuwa ananisalimia tu, shikamoo basi. Siku hiyo alisimama kidogo.

"Nimeambiwa mkataba wangu hauendelei. Mwisho wa mwezi natoka."

"Nani kasema?"

"Bosi. Eti hakuna nafasi. Basi nilitaka ujue zile chupa za tindikali nimezipanga upya, usije ukachanganya."

"Utaenda wapi?"

"Nyumbani kwanza."

Ufadhili huu hauombwi na asiye na taasisi. Yaani mimi nilikuwa nazuiwa na umri, na yeye kuanzia mwisho wa mwezi atakuwa amezuiwa na mkataba. Karatasi pekee iliyobaki yenye jina lake ilikuwa inapata joto kifuani mwangu.

Nikapiga moyo konde. Nilijisemea liwalo na liwe, nikaenda kwa bosi, nikafunga mlango.

"Bosi, nina jambo la kukiri. Ile barua yangu ya sifa haikuwa ya kweli. Kazi ya mifuko ni ya Mizani peke yake. Nataka tuwaandikie wafadhili tuwaeleze."

Bosi aliweka kalamu chini.

"Hiyo barua imesainiwa na nani?"

"Na wewe, bosi."

"Na kwenye simu, nani aliyewaita mje mthibitishe?"

"Wewe."

"Sasa ukiwaandikia kwamba barua ni ya uongo, mwongo wa kwanza ni nani?"

Nikatazama mlango niliokuwa nimeufunga.

"Kijana, nimebakiza miaka miwili nistaafu. Usinizike kabla sijafa. Ukiandika kitu chochote, mimi nitasema ulighushi saini yangu, na wewe unajua nani ataaminiwa. Hutakwenda wewe, hatakwenda yeye." Akasukuma faili mbele yangu. "Hizo ni fomu zako za ruhusa. Zijaze, uniletee."

"Na Mizani?"

"Mizani amepata barua yake, si nilikupa? Kilichomo humo ni chake na Mungu wake."

Nilitoka na fomu. Mlango niliodhani nimeufungua umenifungia kwa nje.

Ilibaki njia moja. Nikatae. Niwaandikie kwamba sitakwenda, bila kumtaja bosi wala barua, na nafasi iende kwa wa akiba. Mizani athibitishe tu, amalizie hapo. Hakuna atakayezikwa isipokuwa mimi.

Alhamisi niliandika mistari miwili ya kukataa. Mimi niliyeandika barua za watu wote, mistari miwili ilinichukua asubuhi nzima. Nilikuwa nakaribia kuituma, mke wangu akapiga simu.

"Baba Pacha, nimekushonea suti. Si ya kununua, ya mkono wangu. Njoo upime mabega."

Nikaenda kupima mabega. Alizunguka nyuma yangu, pini mdomoni, akaniambia huko ninakokwenda nisije nikaiacha suti hii kwa sababu watu wengine wana za dukani. Nikamwambia siwezi kuiacha. Niliporudi kazini nilifuta ile mistari miwili, nikaandika mingine ya kukubali, nikaituma kabla mkono haujabadili mawazo.

Nimekubali. Ndivyo ilivyo. Wanaonitukana majumbani mwao saa hizi, wana haki.

Ilibaki ya Mizani. Nilijidanganya kwamba sasa naweza kumpa. Nimekwisha kukubali, wa akiba ni wa akiba tu, anaweza kuthibitisha na asipate hasara. Lakini kila nikifika karibu na benchi lake nililikumbuka lile neno, akiondolewa, na miguu ikanipeleka kwenye sinki.

Ijumaa alikuwa anakusanya vitu vyake kidogo kidogo. Hakuwa na vingi. Kikombe, kitambaa cha kufutia mizani, daftari tatu. Mwisho wa mwezi ulikuwa bado, lakini alisema hapendi kubeba mzigo mmoja mkubwa siku ya mwisho, watu wakimtazama.

Saa tisa alasiri aliniita.

"Kaka."

Niligeuka. Alikuwa amesimama na kikombe chake mkononi, hana hasira, hana chochote usoni.

"Nilienda kumuaga bosi. Anasema kuna barua yangu kutoka kwa wafadhili. Anasema alikupa wewe Jumatatu."

Nilisikia karatasi inanichoma kifuani. Ilikuwa rahisi. Mkono mmoja ndani ya koti, basi. Ningesema nilisahau. Angeniamini, au asiniamini, lakini angekuwa nayo, na saa mbili zilikuwa bado.

Nikafungua mdomo niseme hivyo. Kilichotoka ni kingine.

"Barua gani?"

Mizani alinitazama. Halafu akainamisha kichwa, kama mtu aliyeona haya kwa kuuliza.

"Samahani. Bosi naye husahau, labda alimpa mwingine. Ngoja nikamwulize katibu muhtasi."

Akaweka kikombe chake juu ya benchi langu, akaniomba nimwangalizie, akaelekea ukumbini.

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika kumi. Katibu muhtasi ndiye aliyeichapa ile barua, na nakala iko kwenye kompyuta yake.